Hivi hariri wanaitoaje kwa mdudu? Na kondoo wetu mbona hawana sufu?

BintiMbagala:
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa Kariakoo natafuta kitambaa cha gauni la sendofu ya mdogo wangu, muuzaji akanitolea kimoja kinang'aa akasema dada hii hariri orijino inatoka kwa mdudu, elfu nane mita, nikachukua mita nne. Tangu nifike home roho haijatulia. Huyo mdudu anatoaje uzi mrefu hivyo, na ni kweli wanamuua? Na sufu je, maana kondoo wa mnada wa Pugu nawaona kila siku ila sijaona hata mmoja mwenye manyoya ya kutoa sweta.

FundiCherehani:
Elfu nane mita hariri hupati dada, pole. Chomoa nyuzi chache pembeni uziwashe kiberiti, mbali na kitambaa. Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake ukiyafinya yanasagika, poliesta inayeyuka inaacha tone gumu. Nahisi umeuziwa satini, na satini ni aina tu ya ufumaji, iko ya hariri na iko ya poliesta.

Mkulima_wa_Kibamba:
Ni kiwavi wa nondo, anakula majani ya mforosadi karibu mwezi mzima, anajivua gamba mara 4, halafu anatema ute mdomoni huku anazungusha kichwa siku mbili tatu mpaka anajifungia kwenye kifuko. Ule ute ukivutika kutoka mdomoni unaganda unakuwa uzi, mmoja usiokatika, unaweza kufika hata mita 900! Na ndio, wanamuua, kwa joto au mvuke, kwa sababu nondo akitoka anatoboa kifuko na uzi unakuwa vipande vipande. Kisha vifuko vinaingia maji moto gundi ilegee, wanatafuta ncha, wanaunganisha nyuzi za vifuko kadhaa maana mmoja peke yake ni mwembamba mno. Mimi hilo la kuua linaniuma kusema kweli. Ila India kuna hariri ya eri, kiwavi wake anakula majani ya mbarika, hiyo wanaweza kumwacha nondo atoke kwanza ndo wanasokota kama pamba.

MjukuuWaMfugaji:
Kondoo wetu, kama wale wekundu wa Kimasai, ni wa nywele fupi, wanafugwa kwa nyama. Sufu nzuri inatoka kwa kondoo aina ya merino, wako wengi sana Australia, wananyolewa mara moja kwa mwaka na mnyoaji mzoefu anamaliza mmoja kwa dakika chache tu, manyoya yanatoka yameshikana kama blanketi. Yanaoshwa kutoa uchafu na mafuta (hayo mafuta ndo lanolini ya kwenye losheni), yanachanwa, yanasokotwa. Na merino lazima anyolewe, 2015 huko Australia alipatikana mmoja aliyepotea miaka, akatolewa zaidi ya kilo 40, alikuwa hata kutembea shida. Halafu tusichanganye, mto wa sufi wa bibi unatoka kwenye mti, msufi, sio sufu ya kondoo.

BintiMbagala:
Asanteni sana jamani. Nimechoma sasa hivi, tone jeusi gumu kama jiwe na harufu ya plastiki. Kesho asubuhi narudi Kariakoo na kitambaa changu na kiberiti.