Probox inazima nikitoa mguu kwa eksileta

MayaiKibuye: Wakuu, naombeni msaada. Nina Probox ya petroli, injini ya 1NZ, napeleka nayo trei za mayai kutoka Chavakali hadi soko la Kibuye. Asubuhi inawaka vizuri tu. Ikishapata moto, nikipunguza mwendo pale Kiboswa, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaanguka hadi 400, gari inatetemeka, inazima. Usukani na breki vinakuwa vigumu papo hapo. Nikiwasha AC ndiyo balaa. Plagi ni mpya, taa ya injini haijawaka. Fundi mmoja ananiambia ninunue pampu ya mafuta.

Fundi wa Kondele: Bwana Mayai, pesa ya pampu ikae mfukoni kwanza. Pampu ikichoka, gari hukosa nguvu ukipanda kilima, si ukitoa mguu. Fungua ule mpira mkubwa unaotoka kwa eya klina, uchungulie kisahani cha throtoli, kile kinachopitisha hewa kwa injini. Utakuta pete nyeusi ya kaboni imeganda ukingoni. Ni mvuke wa oili unaorudishwa kwa injini ukachomwe. Ukitoa mguu, kisahani kinafunga na injini inapumulia upenyo mwembamba sana. Kaboni ikiuziba, kwisha.

Zima gari, toa ufunguo. Nyunyizia kitambaa dawa ya kusafishia throtoli, upanguse taratibu, kwenye kona utumie mswaki laini. Msasa na brashi ya waya, hapana! Kama throtoli ni ya umeme, usilazimishe kisahani kwa kidole, meno ya ndani yakivunjika utanunua throtoli nzima. Kama ni ya waya unaovutwa na eksileta, safisha pia ile valvu ndogo ya hewa.

DadaTeksi_Nakuru: Yangu ilisafishwa, ikarudia. Kumbe valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwa injini, ilikuwa imeziba. Itoe uitikise: isipolia kacha-kacha, badilisha, si ghali.

MayaiKibuye: Nimesafisha, kitambaa kimetoka cheusi ti! PCV inalia. Haizimi tena, lakini RPM imekwama 1,200. Nimeharibu?

Fundi wa Kondele: Wapi! Kompyuta ilizoea kufidia ule uchafu. Toa waya hasi wa betri kama robo saa, urudishe, uwashe bila AC wala taa, uiache ingurume mpaka feni izunguke. Isiposhuka, angalia kama mpira ulibanwa sawasawa, huenda inanyonya hewa hapo. Redio nayo itasahau stesheni zako, usinilaumu.