TiddlyWiki imenijazia kompyuta nakala, wenzangu mnatunzaje mafaili yenu?

kijana_wa_raskazone

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Mimi ni mwongoza wageni hapa Tanga. Nawapeleka mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na kuwazungusha mjini kwa miguu. Maelezo yangu yote nayaandika kwenye TiddlyWiki, programu ya kuandikia noti, na nimeipenda kweli, kwa sababu wiki nzima, yaani mkusanyiko wote wa noti, ni faili moja la HTML (kama ukurasa wa tovuti) na haidai intaneti. Zaidi ya hapo, noti moja inashikana na nyingine. Mgeni akiniuliza vita vya hapa vya Novemba 1914, nafungua noti ya vita, nabofya "reli" nakuta jinsi Wajerumani walivyoleta askari wao kwa treni kutoka upande wa Moshi, nabofya "Mombo" naona reli ilifika pale 1905, narudi nabofya "nyuki" nakuta kisa cha nyuki waliowashambulia askari wa Uingereza vichakani. Kwenye daftari nisingeweza kuruka namna hiyo huku mgeni amesimama ananisubiri.

Tatizo ni kuseivu. Nikifungulia kwenye brauza, kila nikiseivu linashuka faili jipya kwenye folda ya vipakuliwa: tanga (1), tanga (2), na kuendelea. Kujua lipi la mwisho mpaka nitazame tarehe na saa. Halafu nimeweka picha nyingi, faili limefika MB 90 na linafunguka kwa kusuasua.

Ninazo wiki tatu: ya kazi, ya ukoo wetu, na ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa ambacho mimi ni katibu. Nimesikia ipo programu ya TiddlyDesktop. Laptop yangu ni ya zamani, Windows, RAM GB 4. Itafaa? Na mafaili yanabaki kuwa yangu, au yakishaingia humo ndiyo yamemezwa?

bi_masijala_makorora

Marahaba mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo kubwa. Nimefanya kazi ya masijala mpaka nikastaafu, na kitu nilichokishika huko ni kwamba rejesta haiwi faili. Rejesta inakuonyesha faili liko kabati gani; ukiichana rejesta, faili bado liko kabatini. TiddlyDesktop ni rejesta. Ukiifungua unakuta orodha ya wiki zako, unabofya unayoitaka inafunguka kwenye dirisha lake. Mafaili yenyewe hayahami, yapo pale pale ulipoyaweka. Ukiiondoa wiki kwenye orodha, faili halifutiki. Na hata programu ikiharibika kesho, faili lako utalifungua kwenye brauza yoyote na utasoma kila neno. Mimi ndicho kilichonituliza. TiddlyWiki imetolewa na Jeremy Ruston wa Uingereza mwaka 2004 na ni programu huria, na faili halimtegemei mtu wala kampuni ili lisomeke.

Suala la kuseivu. Kwa kawaida brauza kwa usalama hairuhusu ukurasa uandike juu ya faili lililoko kwenye diski yako, kwa hiyo inakushushia nakala mpya. Zamani ilikuwepo plagini (kiongezi cha programu) ya Firefox ikiitwa TiddlyFox iliyotuondolea adha hiyo, ikaacha kufanya kazi Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017. TiddlyDesktop yenyewe imejengwa juu ya NW.js, mfumo wa kugeuza kurasa za wavuti kuwa programu za kompyuta, ambayo inaruhusiwa kuandika kwenye diski, basi ukibofya alama ya pata (✓) noti inaingia kwenye faili lile lile. Hakuna kuinstoli. Unashusha zip kutoka GitHub, tovuti ambako programu hiyo imewekwa, unaifungua kwenye folda, unabofya nw.exe. Kisha unaongeza wiki zako tatu kwenye orodha, moja moja.

Kabla ya kuongeza, zitoe kwanza kwenye vipakuliwa. Tengeneza folda moja, kwa mfano Wiki, ndani yake kila wiki na folda yake. Chukua faili la mwisho, lirudishie jina safi bila mabano. Zile nyingine usizifute leo, zihamishie folda ya "zamani" mpaka uhakikishe hakuna noti iliyobaki huko peke yake.

Sasa picha. Ukiiburuta picha ndani ya wiki ya faili moja, picha inageuzwa maandishi na kushonwa ndani ya HTML, na inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa, kama theluthi moja zaidi. Ndiyo hizo MB 90 zako. Wiki tupu huwa ni MB mbili na kitu tu. Ipo plagini rasmi inaitwa External Attachments, unaipata kwenye maktaba ya plagini humo humo ndani ya wiki. Ukishaiweka, ukiburuta picha ukiwa kwenye TiddlyDesktop, wiki inaandika njia ya kuifikia tu, picha inabaki nje. Njia hiyo inakaa kwenye sehemu iitwayo _canonical_uri. Kwa mfano utaona picha/tongoni.jpg. Kwa hiyo weka folda ya "picha" ndani ya folda ya wiki KABLA ya kuburuta, na ukihamisha, hamisha folda nzima. Ukibeba HTML peke yake kwenye flashi, utafika Tongoni unaonyesha wageni visanduku vitupu. Picha zilizokwisha kushonwa ndani hazitoki zenyewe: futa noti ya picha, kisha iburute upya kwa jina lile lile.

Nakala za akiba: angalia kwenye mipangilio ya programu kwamba zimewashwa. Kila ukiseivu, faili la kabla linawekwa kwenye folda ya akiba kando ya wiki. Folda hiyo inanenepa, ipunguze mara kwa mara. Na umeme wetu unaujua mwenyewe. Noti uliyoifungua kuandika haijaingia kwenye faili mpaka ubofye alama ya pata. Kama betri ya laptop imechoka, andika aya mbili, bofya, fungua tena uendelee.

La mwisho, hili hukuuliza lakini naliomba kwako kama mama. Mimi nakusanya kumbukumbu za taarabu ya Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star: nani alipiga kinanda, nani aliimba, mwimbaji Bi Shakila alikuwa upande gani wakati gani. Kila noti nimeiongezea sehemu yangu ya "chanzo", nani kaniambia na lini. Na wewe fanya hivyo. Kisa cha nyuki kimo vitabuni na kimo midomoni, na havisemi sawasawa. Mgeni analipa asikie la kweli, na watoto wa Tanga watakaosoma faili lako wana haki ya kujua umelitoa wapi.

fundi_barabara_ya_nane

Bi Masijala kamaliza karibu yote, naongeza ya kifundi.

GB 4 inatosha, lakini NW.js ndani yake ni Chromium, yaani brauza nzima ya jamii ya Chrome, na kila dirisha la wiki linakula kumbukumbu. Usifungue zote tatu kwa pamoja huku na brauza ina tabu kibao. Faili lako likishapungua utaona tofauti.

Kama unatumia kompyuta mbili, TiddlyDesktop inakubali pia wiki ya folda: kila noti inakuwa faili lake dogo la .tid. Ukisawazisha kwa Syncthing, programu ya kulinganisha mafaili kati ya kompyuta, inahama noti iliyobadilika tu, si wiki nzima. Mimi ningekushauri uhamie huko.

bi_masijala_makorora

Fundi, hapo tunatofautiana. Folda ni nzuri kwa mtu kama wewe. Kijana huyu anataka kumpa mwenzake flashi afungue kwenye kompyuta yoyote, hata isiyo na programu hiyo. Wiki ya folda haifunguki kwenye brauza kwa kubofya. Abaki na faili moja, na asilifungue kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, maana anayeseivu mwisho atafuta ya mwenzake.

fundi_barabara_ya_nane

La flashi nakubali, Bi. Basi abaki na faili moja.

kijana_wa_raskazone

Shikamoo tena Bi, na asante fundi. Nimefanya kama mlivyosema. Wiki ya kazi sasa ni MB 4, picha ziko nje, na inafunguka nikiwa bado sijakaa sawa kitini. Nimeanza na sehemu ya chanzo kwenye noti za Amboni, kule ndiko kwenye visa vingi visivyojulikana vimetoka wapi.

Limebaki moja. Wiki ya kikundi ina majina ya wanachama na madeni yao. Laptop hii nyumbani inashikwa na kila mtu. Naweza kuifunga?

bi_masijala_makorora

Unaweza, na ni lazima. TiddlyWiki yenyewe ina kufuli: kwenye vitufe vya pembeni kuna cha kuweka neno la siri. Ukishaliweka na kuseivu, yaliyomo yanasimbwa ndani ya faili. Neno hilo likisahaulika hakuna fundi wa kulifungua, kwa hiyo mweka hazina wenu naye alijue. Picha ulizoziweka nje hazifungwi; daftari la madeni ulilolipiga picha usiliache pale. Na zile nakala za akiba za kabla ya kuweka neno la siri zifute zote, pamoja na zilizoko kwenye vipakuliwa na kwenye ile folda ya "zamani", maana hizo bado zinasomeka wazi.