Klasta ya failova kwa duka la dawa Malindi: kotesheni tatu, kila muuzaji na maneno yake

Mtu_wa_Mambrui
Assalamu alaikum wakuu. Nina jambo la haraka. Duka la dawa la jumla ninalofanyia kazi hapa Malindi linataka kuacha kutegemea seva moja, maana ikizima mauzo yanasimama kaunta zote. Tumeletewa kotesheni tatu za klasta ya failova, yaani seva mbili (nodi) ambapo moja ikifa nyingine inashika kazi. A: "aktivu-pasivu, diski ya pamoja", yaani moja inafanya kazi na nyingine inasubiri. B: "aktivu-aktivu, nodi mbili", yaani zote zinafanya kazi. C: "nodi mbili na shahidi, replika ya papo kwa papo", yaani kila nodi ina nakala yake ya data, na kuna mashine ya tatu ya kupiga kura nani awe mkuu. B ndiyo ghali zaidi, na muuzaji anasisitiza kwamba hakuna mashine itakayokaa bure. Bosi anataka jibu kufikia Ijumaa. Mngechukua ipi?

NodiTatu
Wa alaikum salaam. Hujatupa cha kushika, ndugu. Hifadhidata ni ipi? Seva zote mbili zitakaa chumba kimoja? Na seva kuu ikifa sasa hivi, mko tayari kupoteza mauzo ya muda gani? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia akipendacho.

BintiShela
Mimi nakutajia PostgreSQL, hifadhidata ya bure, na Patroni inayosimamia failova yake, na sifichi. Hakuna leseni ya kulipa. Nani awe mkuu huamuliwa na etcd, programu ya kura, ya nodi tatu, na akidi ni mbili, kwa hiyo nodi iliyobaki peke yake haiwezi kujitangaza.

KakaWatamu
Dada, na nani ataiamsha saa nane usiku? Programu za maduka nilizokutana nazo huku karibu zote zimefungwa na SQL Server, hifadhidata ya Microsoft. Mwenye duka hatamwambia muuzaji wake aandike upya kila kitu.

Mtu_wa_Mambrui
Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na wateja. Ni SQL Server 2019, toleo la Standard, hifadhidata moja tu. Seva moja itakaa dukani, nyingine ghalani nyuma ya soko, tumeshavuta faiba. Bosi anasema asipoteze hata risiti moja.

NodiTatu
Sasa tunazungumza. Anza na B, maana hapo unauziwa sifa isiyokuhusu. Kwenye SQL Server "aktivu-aktivu" huwa ni instansi mbili (SQL Server mbili zinazojitegemea), kila moja na nodi yake, na kila nodi ni akiba ya mwenzake. Hifadhidata moja haiandikwi na nodi mbili kwa wakati mmoja. Wewe una hifadhidata moja, kwa hiyo nodi ya pili itakaa bure vilevile, ila utakuwa umelipia leseni ya instansi isiyo na kazi. Na hata wenye instansi mbili, siku nodi moja ikianguka, iliyobaki hubeba mizigo yote miwili.

A inakukinga na mashine kufa. Haikukingi na diski kufa, kwa sababu data iko sehemu moja tu na nodi zote zinaisoma hapo. Duka likiungua au likifurika na diski imo humo, seva ya ghalani haina cha kufungua.

C ndiyo yenye nakala mbili za data. Standard tangu 2016 inaruhusu kundi la aina hiyo: replika mbili, hifadhidata moja kwa kila kundi, na ya akiba haisomeki. Ila muulize muuzaji "papo kwa papo" yake inafanyaje replika ikikatika. SQL Server kwa kawaida husubiri sekunde 10, kisha nodi kuu huendelea peke yake. Mauzo ya kipindi hicho yako sehemu moja tu, na seva kuu ikifa hapo bosi atapoteza risiti.

BintiShela
PostgreSQL iliyopangwa kuandika sehemu zote mbili haiendelei, inasubiri mpaka replika irudi. Huo ndio uaminifu.

KakaWatamu
Na kaunta zote zimesimama. Mwenye mgonjwa aliyekuja kuchukua insulini hataki uaminifu wa seva, anataka dawa.

Fundi_wa_Amu
Nyote mnapita haraka kwenye neno "shahidi". Nipeni nafasi niwaeleze.

Nilikuwa nahudumia zahanati moja ya binafsi huku Lamu. Kabla yangu walifungiwa hifadhidata ya MySQL nodi mbili, kila moja inaandika na kupeleka kwa mwenzake, hakuna shahidi. Kiungo kilikuwa redio juu ya paa mbili, na upepo wa kusi unajulikana. Asubuhi moja redio ikapoteza mwelekeo. Nodi zote zilikuwa nzima, lakini kila moja iliamini mwenzake amekufa, na kila moja ikashika anwani ileile ya mtandao (IP). Mapokezi wakaandika upande huu, famasia upande ule. Hakuna aliyeona kosa kwenye skrini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jioni redio ikarudi, replika ikasimama kwa funguo (namba za utambulisho) zilizogongana. Nilifungua jedwali la risiti, nikakuta namba moja ina mama wa kliniki ya wajawazito upande mmoja, na upande wa pili ina mzee wa sukari na dawa zake. Tulikaa na vitabu vya karatasi mpaka alfajiri, tukimpigia simu mgonjwa mmoja mmoja.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Klasta ya nodi mbili bila kura ya tatu usiikubali hata ukipewa bure.

NodiTatu
Pole sana, Fundi. Wakubwa nao hupatwa. GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo wa programu, Oktoba 2018 walikatikiwa na kiungo kwa sekunde 43 tu. Failova ikahamisha ukuu pwani ya pili ya Marekani, huku upande wa kwanza ukiwa na maandiko ambayo hayajavuka. Kurudi sawa kuliwachukua zaidi ya saa 24.

Mtu wa Mambrui, kotesheni C imeandika shahidi atakaa wapi?

Mtu_wa_Mambrui
Nimeangalia. Wameandika kompyuta ya ofisini, dukani.

NodiTatu
Basi hapo kuna kasoro. Stima ya duka ikikatika, seva kuu na shahidi wanaondoka pamoja. Ghala linabaki na kura moja kati ya tatu, na halitapanda kuwa mkuu. Umenunua failova isiyofanya kazi siku unayoihitaji. Shahidi akae mahali pa tatu.

KakaWatamu
Amweke Azure, wingu la Microsoft; Windows Server inakubali tangu 2016.

Fundi_wa_Amu
Intaneti hii? Mei 2024 kebo za baharini EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, nchi nzima ikawa inatambaa.

NodiTatu
Intaneti ikikatika peke yake, nodi mbili bado zinaonana kwa faiba na zina kura mbili. Hatari ni yote mawili kwa pamoja. Njia nyingine: kuanzia Windows Server 2019, shahidi anaweza kuwa flashi kwenye ruta inayogawa faili kwa SMB2 (itifaki ya kugawana faili).

Mtu_wa_Mambrui
Tuna tawi Watamu lenye ruta ya namna hiyo. Lakini Watamu na Malindi, stima si hukatika pamoja?

KakaWatamu
Mara nyingi ndiyo. Weka inveta.

BintiShela
Inveta na betri gani? Za asidi hapa pwani nimeona vichwa vikiota kutu kabla ya mwaka.

Fundi_wa_Amu
Lithiamu, na vichwa uvipake grisi. Nani anajua duka la Malindi linalouza za 48V zenye dhamana ya kweli? Nami nazitafuta.