Midoli ya shangazi: mmoja unanata, mwingine unanuka siki, nifanyeje?

BintiTanga

Habari za saa hizi wadau. Naomba msaada kwa yeyote anayejua mambo ya toi za zamani maana nimechanganyikiwa na sitaki kuharibu kitu ambacho hakirudi.

Shangazi yangu, dada yake baba, alienda Uingereza kusomea unesi miaka ya 60 akarudi na midoli mitatu. Hakujaliwa mtoto wa kike kwa hiyo midoli ilikaa kwenye tranka lake la bati chini ya kitanda hapa Tanga miaka yote, sisi watoto tulikuwa tunaonyeshwa siku ya Idi tu, unakula, unanawa mikono na sabuni, ndo unapewa umshike dakika tano kisha anarudishwa. Shangazi kafariki mwezi wa tatu na tranka kaniachia mimi.

Juzi nimefungua. Mdoli wa kwanza ni ule laini, mikono na miguu inanata kama imepakwa asali, na mfuko wa nailoni aliofungiwa umemganda mgongoni, nikiuvuta unalia kama plasta. Vumbi limeshika juu ya ngozi halitoki hata nikifuta. Wa pili ni mgumu, huu shangazi alipewa na mama mwenye nyumba wake kule, ulikuwa wa binti yake tangu miaka ya 50. Nilipomfunua nikapigwa na harufu ya siki, yani siki kabisa kama unafungua kopo la achari, shavuni kuna mistari mistari ya kupasuka na vile vyuma vya macho vimeota kutu. Halafu kitu cha ajabu, bawaba ya tranka upande aliolala imeliwa na kutu, ya upande wa pili nzima. Wa tatu ni Barbie ya heleni, masikio yote yamekuwa ya kijani. Kuna na matofali ya LEGO ya kaka yangu ya miaka ya 70, meupe yamegeuka njano kama meno ya mvuta sigara.

Mimi nilijua plastiki haiozi, kila siku tunaambiwa ikitupwa inakaa ardhini mamia ya miaka. Sasa hii iliyotunzwa kwa mapenzi yote imekuwaje?

FundiGemu

Dada mimi natengeneza gemu na kompyuta za zamani, zile kasha nyeupe zikiwa njano napaka krimu ya peroksaidi ya saluni namba 40, nafunga na nailoni nyembamba isikauke naanika juani masaa kama sita huku naigeuza, inarudi nyeupe. Jaribu na midoli, itakuwa safi kabisa.

MkaziKopenhagen

Dada pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu shangazi.

Kaka hapo juu heshima yako, kwa LEGO uko sawa ila tafadhali dada usiguse midoli na peroksaidi wala jua. Hiyo dawa ni ya ABS, plastiki ngumu inayotumika kwenye kasha za kompyuta, na LEGO ndo wanaitumia tangu 1963. Inakuwa njano kwa sababu mwanga na hewa vinakula ule mpira uliochanganywa ndani yake, peroksaidi inang'arisha rangi ya juu tu, kilicholiwa hakirudi na baada ya muda unjano unaweza kurudi. Mimi zangu nimeziacha njano.

Sasa jambo la haraka kuliko yote: huo mgumu unaonuka siki utoe kwenye tranka leo, usisubiri kesho.

Hiyo siki si mfano, ni asidi ile ile. Midoli migumu mingi ya Uingereza ya miaka ya 50 ilitengenezwa kwa selulosi asetati, yani nyuzi za pamba au mti zilizofungwa na asidi ya siki. Ikikaa kwenye joto na unyevu ile asidi inaachia inatoka, na ikishatoka ikabaki imefungiwa humo humo inachochea nyingine itoke, kwa hiyo kadiri unavyoifunika ndo inavyokimbia. Mvuke wake unakula chuma, ndo maana macho yana kutu na bawaba ya upande ule imeliwa. Na wenzake waliolala pembeni wanauvuta pia. Hata LEGO za kabla ya 1963 zilikuwa asetati na ukiziona leo nyingi zimejipinda hazishikani.

Huo hauponi dada, nakwambia kweli ili usipoteze hela kwa watu wa dawa. Unaweza kupunguza mwendo tu: uweke peke yake, sehemu kavu yenye hewa inayopita, mbali na jua, usiufungie kwenye boksi wala nailoni.

Ule laini ni kinyume kabisa. Huo ni PVC, na PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji, wanailainisha kwa kuchanganya mafuta ya kiwandani na kwenye plastiki laini mafuta hayo yanaweza kufika asilimia 30 ya uzito na zaidi. Sasa yale mafuta hayajafungwa na plastiki, yamekaa tu katikati yake, kama mafuta kwenye andazi, ukiliweka juu ya gazeti asubuhi gazeti linang'aa. Nyie mliosoma zamani mnakumbuka ufutio ukiuacha juu ya rula ndani ya mkebe likizo nzima unaukuta umezama kwenye rula umeiyeyusha? Ni hayo hayo mafuta yamehamia kwenye rula. Mdoli unanata kwa sababu mafuta yamepanda juu ya ngozi, vumbi linashikia hapo, na nailoni ya mfuko inayanyonya ndo maana imeganda. Yakiisha mdoli unasinyaa, unakakamaa, unapasuka.

Hapa ninapoishi Makumbusho ya Taifa ya Denmark yamefanya utafiti mkubwa juu ya jambo hili, na walichoona ni kwamba PVC laini ikifungiwa ndani ya kitu kisichonyonya, kama kioo, mafuta yanatoka polepole zaidi. Kwa hiyo mmoja anataka hewa mwingine anataka kufungiwa, na shangazi bila kujua aliwaweka nyumba moja. Si kosa lake, hata makumbusho makubwa yalifanya hivyo hivyo miaka mingi kwa kudhani plastiki ni kitu kimoja. Ni kama kusema chuma na mbao vyote ni "vifaa vya ujenzi" halafu ukavitunza sawa.

BintiTanga

Asante sana kaka, nimesoma nimetetemeka, nimeutoa sasa hivi uko juu ya kabati ukumbini. Maswali mawili. Huu mgumu nitajuaje si seluloidi, ile plastiki ya zamani zaidi? Nasikia zile zinashika moto. Na ule laini mama anasema niupake mafuta ya mgando au poda ya mtoto uache kunata.

AbuSwafiya_Msa

Dada Tanga, mimi niko Mombasa nakusanya tangu 1998 na joto letu na chumvi ya bahari ndio mwalimu wangu, kwa hiyo nikwambie nilivyojifunza kwa hasara.

Pua yako ndiyo kipimo. Sugua kwa kidole gumba mahali pasipoonekana, chini ya unyayo, mpaka pate joto, nusa mara moja. Ukisikia karafumaiti hiyo ni seluloidi, maana seluloidi ilitengenezwa kwa karafumaiti ile ile tunayowekea maiti sandani, mtu wa pwani hawezi kuikosea hiyo harufu. Seluloidi inashika moto haraka sana kwa hiyo ikae mbali na jiko, mshumaa, ubani na stima. Ukisikia siki ni asetati kama alivyosema ndugu wa Denmark. Ukisikia harufu ya pazia jipya la bafu au mpira wa ufukweni ni PVC.

Mwambie mama kwa heshima zote poda hapana na mafuta hapana. Poda inachanganyika na ule unato inakuwa uji ukikauka haitoki kwenye mikunjo ya vidole, nina mdoli mmoja mpaka leo ana nyeupe kati ya vidole vya miguu kwa sababu hiyo. Mafuta ya mgando yanaongeza unato na vumbi juu yake. Chukua maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba kikamue sana, pangusa, kisha kingine chenye maji matupu, kausha. Usiuzamishe, maji yakiingia kichwani kwenye mizizi ya nywele hayakauki kwa unyevu wetu huu. Spiriti, tina na asetoni usisogeze hata kidogo. Unato utarudi baada ya miezi, unapangusa tena taratibu. Na nawa mikono ukimaliza, usimpe mtoto anyonye, kwa sababu yale mafuta ya kulainishia plastiki ya zamani mengi ni ya jamii ya ftaleti ambayo Ulaya walikataza kwenye toi za watoto kuanzia 1999 na Marekani 2008.

Barbie sasa. Toa heleni leo. Ile pini ina shaba ndani, shaba ikikaa ndani ya PVC na yale mafuta inatoa kijani kama kwenye sufuria ya zamani, na kijani hakikai juu, kimeingia ndani ya ngozi. Wakusanyaji wanapaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi doa peke yake kwa siku kadhaa, inapunguza, lakini ukizidisha unapata sikio jeupe kwenye uso wa rangi, na mimi binafsi naona sikio la kijani lina heshima kuliko sikio lililounguzwa. Umuangalie na nyayo, zile za kwanza kabisa za 1959 zina matundu yenye mirija ya shaba ya kusimamishia, ikiwa unayo hiyo dada usiiguse na chochote tafuta mtu anayejua.

Kuna na kitu kimoja kinaniuma mpaka leo. Nilikuwa na Transformers moja, ile toi ya roboti linalojigeuza, ya mwishoni mwa miaka ya 80 yenye ile plastiki ya rangi ya dhahabu yenye mawimbi mawimbi ya kumeta. Haijachezewa, iko na boksi lake, nilinunua kwa hela ya mshahara wa mwezi mzima. Nikaitoa kumuonyesha mwanangu, nikakunja goti, goti likabaki mkononi. Hakuna nguvu niliyotumia. Wakusanyaji wanajua huo ugonjwa wa plastiki ya dhahabu, zile chembe za kumeta zimeifanya plastiki isishikane yenyewe, inakuwa kama biskuti hata ikikaa haijaguswa. Sasa zile za aina hiyo zilizobaki sizikunji tena, zimesimama vile vile zilivyo.

BintiTanga

Wallahi mmenisaidia. Nimenusa, ni siki, karafumaiti hakuna.

Mfuko wa nailoni nimeutoa, ilinichukua karibu lisaa, nauvuta milimita kwa milimita huku mama kashika taa. Chini yake maandishi ya mfuko yamehamia mgongoni kwa mdoli, yamegeuka kinyumenyume, jina la duka lililokuwa barabara ya kumi na mbili unaweza kulisoma kwa kioo. Mama alicheka kisha akalia maana duka hilo ndo shangazi alikuwa ananunulia vitambaa.

Huyu wa siki amevaa gauni la khanga alilomshonea shangazi kwa mkono. Nimelivua, kwapani limeoza linachanika kama karatasi iliyolowa, ila pindo zima. Nilifue au?

MkaziKopenhagen

Usilifue kwa kusugua. Liloweke kwenye maji matupu mara mbili tatu ili asidi itoke, ila kwanza jaribu kona na kitambaa cheupe chenye maji uone kama rangi inatoka, khanga za zamani zingine zinatoa nyekundu. Kama inatoka acha, lipunge hewa tu. Kausha kivulini likiwa limelala juu ya taulo, na lisirudi kwa mdoli tena wala usimvishe yule wa PVC, likae peke yake kwenye karatasi nyeupe. Hayo maandishi ya mgongoni usijaribu kuyafuta, wino umeshaingia ndani.

Na mpige picha huyo mgumu kila upande sasa hivi, karibu kabisa, shavu, macho, chapa ya shingoni. Nasema sasa hivi kwa sababu nilikuwa na wa aina hiyo, kati ya kipupwe kimoja na kingine uso ulishuka.

BintiTanga

Nimepiga picha 43. Chapa ya shingoni bado inasomeka nusu.

Gauni halikutoa rangi, nimeliloweka mara tatu, maji ya kwanza yalinuka siki ya tatu hayakunuka kitu. Mgumu uko kwenye shelfu ya ukumbini dirisha likiwa wazi, bila nguo nimemuwekea leso mbele tu asionekane vibaya kwa wageni, haimgusi. Ule laini nimepata chupa kubwa ya kioo, zile walizokuwa wanawekea kashata dukani, anaingia mpaka kichwa ila nywele zinagusa kifuniko. Kifuniko ni cha bati, ndani kina duara la mpira. Ni sawa?

AbuSwafiya_Msa

Ule mpira utoe dada, utanyonya mafuta na kugandana na nywele. Kata duara la kioo au tafuta chupa yenye kifuniko cha kioo, hapa Mombasa zipo kwa wauza vyombo vya zamani, ukikosa huko nitakutumia kwa basi.