Nimekodi gari "mbwa wanakaribishwa", wamekula dipoziti yangu eti gari linanuka mbwa!!

Wakuu, naandika nina hasira, mtanisamehe nikirukaruka.

Mlioko Uingereza mnaofikiria kukodi hizi motohomu, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo humohumo, kaeni hapa kidogo kabla hamjatuma hela ya mtu. Mimi na mke wangu tuna mbwa wawili, Chapati ni spanieli wa rangi ya chokoleti, Maharage ni mweusi tii na hata sisi hatujui ni kabila gani, tulimtoa kituo cha mbwa waliotelekezwa. Hoteli nyingi hazitaki mbwa na zinazotaka zinachaji utadhani na wao wanashuka kunywa chai asubuhi, ndo tukasema mwezi wa 5 tukodi gari siku tatu twende Exmoor, kule Somerset na Devon ambako vilima vinakuja kukatikia baharini kabisa, tutembee na wanyama wetu kwa raha zetu.

Tangazo la jamaa lina picha ya mbwa kakaa siti ya mbele kama dereva. Maandishi makubwa, mbwa wanakaribishwa. Na hakaribishi bure, ni pauni 40 kila mbwa, nikalipa 80. Gari 435, dipoziti 1,000. Akasema nitume moja kwa moja benki maana kadi "inasumbua". Nikatuma. Hapo ndo nilipojichinja, nitarudi.

Siku ya kuchukua mvua inanyesha, jamaa ana haraka, maelezo dakika kumi: hapa gesi, hapa maji, hili boksi la choo likijaa unalivuta kwa nje unaenda kulimwaga (mke wangu akaniangalia tu, nikajua kazi imepata mwenyewe). Nikazunguka nje nikapiga video bodi nzima, kila mkwaruzo. Ndani sikupiga. Mtaona.

Usiku wa kwanza tu betri ya ndani ikakata. Taa hamna, pampu ya maji hamna, tunapiga mswaki kwa maji ya chupa tunamulikiana na simu. Nampigia ananiambia labda nimewasha vitu vingi. Vitu vingi gani bwana, taa moja! Halafu kuna kilima cha Porlock kwenye A39, ukienda mita 4 mbele umeshapanda 1, na kona zimejikunja kama za kupandia Lushoto, ambacho watu wenye magari mazito wanashauriwa wapite njia ya pembeni ya kulipia. Yeye alishaniambia "gari lina nguvu, panda tu". Nikalipia ya pembeni, sina roho mbili.

Matembezi yenyewe sitadanganya, yalikuwa mazuri mpaka yananizidishia hasira. Tulianzia Bossington tukaenda Hurlstone Point halafu tukapandisha mpaka Selworthy Beacon, mita 308 si mchezo kwa sababu unaanza karibu usawa wa bahari, miguu inawaka moto, lakini ukigeuka unaona maji yote yale na ng'ambo yake Wales. Na kuna vichaka vya miiba vina maua ya njano, aisee vinanukia nazi. Nazi kabisa! Mimi mtu wa Tanga nikasimama pale navuta pua kama chizi, mke wangu ananiuliza unalia? Kesho yake tukaenda Valley of Rocks karibu na Lynton, kuna mbuzi pori wanasimama kwenye majabali juu ya bahari hata hujui wamefikaje, Maharage kuwaona akapandwa na wazimu nusura anichomoe bega.

Bega langu maana alikuwa kambani, na hili nalisema makusudi. Maeneo yale ya wazi, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 3 mpaka 31 mwezi wa 7 sheria inataka mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita 2, ndege wanataga chini, na ukiwa karibu na kondoo ni kamba mwaka mzima. Tulifuata. Hawakuingia dimbwi hata moja. Na bado kila tukirudi garini tunawafuta miguu na taulo mlangoni, tunawapekua kupe, wanalala juu ya shuka letu tulilotoka nalo nyumbani. Kabla ya kurudisha gari tukasimama kituo cha mafuta, vakyumu ya kutumbukiza sarafu, nimepiga zulia lile mpaka sarafu zimeisha.

Jamaa akaingiza kichwa mlangoni akanusa kama mtu anakagua samaki, akasema safi kabisa, safari njema. Siku nne baadaye imeili: amekata 390. Harufu ya mbwa 220, nywele kwenye zulia 90, mkwaruzo mlango wa kabati 80. Yaani 80 niliyolipia mbwa waingie ilikuwa ya nini, salamu?

Sasa fungueni hiyo picha aliyotuma kama ushahidi wa nywele. NYEUPE. Ndefu, nyeupe pe! Nimemtumia picha ya Chapati na Maharage nikamuuliza nionyeshe nyeupe iko wapi hapa, akanijibu kwa mstari mmoja kwamba mkataba unasema uamuzi wake ni wa mwisho.

Nimesoma soma. Ningelipa kwa kadi ya mkopo, kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 benki inabanwa pamoja na muuzaji, yaani unaweza kuidai hata benki yenyewe, sheria ipo tangu 1974, ila mimi nimetuma benki kama napeleka mchango wa harusi. Ule ulinzi wa dipoziti ni wa nyumba za kupanga tu, magari haugusi. Lakini sheria ya wateja ya 2015 inasema kipengele cha mkataba kisicho cha haki hakimfungi mteja, na madai madogo mahakamani ni mpaka pauni 10,000, kwa hiyo huyu "wa mwisho" wake tutaona.

Nikampigia mama Tanga nikijua nitapata pole. Akanyamaza weee, halafu: "Mwanangu, umelipa hela ukalale na mbwa, sasa wanakudai gari linanuka mbwa. Ulitaka linuke udi?"

Aliyewahi kufungua madai madogo England kwa kitu kama hiki aniambie ilichukua muda gani, na kama picha ya nywele nyeupe inatosha au nitafute na cheti cha daktari wa mifugo kinachotaja rangi zao. Wale wa "mbwa wa nini wewe" piteni kimyakimya, leo siko vizuri.