MREJESHO: Kupanda majabali ya Masasi

Wakuu, nilikuja kuuliza namna ya kupanda mojawapo ya yale majabali ya Masasi na rafiki zangu, sisi wa Mtwara mjini tusiozoea mawe. Tumeshakwenda. Asanteni sana.

Ushauri wa kuanza alfajiri ndio uliotuokoa. Kufika saa nne mwamba ulikuwa unachoma viganja. Aliyesema tukwepe michirizi myeusi inakopita maji ya mvua, ubarikiwe. Hata kiangazi hiki ina ukoga mkavu unaobanduka chini ya soli. Tulipita pembeni, kwenye jiwe la kijivu lenye chengachenga, raba zikashika vizuri. Na yule aliyesisitiza tutafute mwenyeji: mzee aliyetutangulia alituonyesha ufa wenye nyuki, tukauzunguka kimyakimya.

Kileleni hatukufika. Juu kumesimama wima, na mzee alikataa katakata tupande bila kamba. Tuliumia, lakini alikuwa sahihi. Pale tulipoishia, mji wote ulionekana, na vilima vingine vimechomoza peke yao kwenye tambarare.

Atakayekwenda abebe maji ya kutosha, na kamba kama ana anayejua kuitumia.