Tupeane uzoefu: swahiba wa kwenye gemu aliyekugeuka

Wakuu, salaam. Nazungumzia gemu za uchawi na mapanga, zile unazokusanya kikosi na kuzunguka nacho wiki nzima. Nani alikusaliti? Na ukianza upya huku unajua atakachofanya, bado unamchukua? Kama hujamaliza gemu zitakazotajwa, ruka uzi huu, utakuharibia utamu.

Naanza na Yoshimo, Baldur's Gate II ya mwaka 2000. Unamkuta mwanzoni kabisa, kwenye gereza la chini ya ardhi la Irenicus, mchawi ambaye ndiye adui mkuu. Mcheshi, fundi wa makufuli na mitego. Kila mlango unamhitaji, kwa hiyo unampa silaha nzuri na kumpandisha leveli. Mkifika Spellhold, jela ya wachawi, anakukabidhi kwa Irenicus. Kumbe Irenicus alishamfunga kiapo cha kichawi, akikiuka anakufa. Alikuja kufuatilia kifo cha dada yake, Tamoko, akanaswa hapo. Mnapigana, anakufa, na moyo wake unabaki kwenye mzigo wako. Ukiupeleka kwa kuhani wa mungu Ilmater kule mji wa Athkatla, anaombewa roho yake ipumzike. Mimi nikirudi mjini hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Na ndiyo, kila nikianza upya namchukua.

Pedi_Mbili: Umenigusa mkuu. Wangu ni Cait Sith, paka roboti anayeendeshwa kwa mbali, Final Fantasy VII ya 1997, nilikuwa nacheza na kaka yangu tunapokezana pedi. Usiku wa Gold Saucer, ile bustani ya michezo, tunamwona yule paka anakimbia na Keystone, jiwe la ufunguo tulilolitafuta, anairushia helikopta ya Shinra, kampuni adui! Ukimbana anakiri ni jasusi, halafu anakusikilizisha sauti ya Marlene, binti wa Barret, mwenzetu wa kikosini: Shinra wamemshika mateka. Kaka alitaka kumfukuza kikosini, gemu haikubali. Tulikaa kimya wote. Anayemwendesha ni Reeve, ofisa wa Shinra, na huko mbele anakuja upande wetu kweli.

Binti Lavellan: Yoshimo alibanwa na kiapo, Cait Sith alitumwa na Shinra. Solas wa Dragon Age: Inquisition (2014) hakubanwa na mtu. Pale Skyhold, ngome yetu, kwenye chumba chake cha duara, anachora ukutani kila jambo kubwa ulilofanya. Nilikuwa nikirudi safari naenda kwanza kuangalia kama kuna mchoro mpya. Nilimpenda, akaniacha bila sababu ya kueleweka. Corypheus, adui mkuu, akishashindwa, Solas haonekani tena, na mchoro wa mwisho ameuacha haujakamilika. Kwenye Trespasser, nyongeza ya gemu hiyo ya 2015, ndipo anasema wazi kuwa yeye ndiye Fen'Harel, mungu mlaghai wa hadithi za elfu, na ile tufe ya kichawi iliyoleta maafa yote ilikuwa yake. Nililia. Bado namtetea, maana mapenzi yake hayakuwa ya uongo.

Mlinda Lango: Mimi simtetei Bishop, mwindaji wa kikosini kwenye Neverwinter Nights 2. Adui yuko nje ya Crossroad Keep, ngome yetu, yeye anahujumu lango letu. Hana dada aliyeuawa, hana kiapo kilichomfunga. Siku hizi namwachia upinde wa kawaida tu, vizuri vyote anapewa mwingine.

Pedi_Mbili: Dada Lavellan, mwishoni mwa Trespasser uliapa kumzuia Solas au kumwokoa?

Binti Lavellan: Kumwokoa. The Veilguard, gemu iliyofuata ya 2024, ikaniuliza tena swali hilo hilo kabla hata sijaanza kucheza, na sikubadili jibu.